Kutoka Kharkiv hadi Buenos Aires: nyayo za waliotibu mshipa kwa ndani

Mwaka 1986 jarida la upasuaji la Vestnik Khirurgii, lililokuwa likichapishwa Leningrad, lilitoa makala ya kurasa 3 tu. Walioiandika walikuwa madaktari wa mji wa Kharkiv, Ukraine, nchi ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Muungano wa Kisovyeti, na jina lililotangulia lilikuwa la Nikolai Volodos. Waliandika kwa Kirusi. Walieleza mrija wa kitambaa wenye kiunzi cha chuma, ambao hukunjwa, hupitishwa ndani ya mshipa wa damu, kisha hufunguka wenyewe mahali unapotakiwa na kujishikiza bila mshono hata mmoja. Ng'ambo ya mipaka ile iliyofungwa, karibu hakuna aliyewasoma.

Miaka 5 baadaye jarida la Annals of Vascular Surgery likachapisha, kwa Kiingereza, makala ya Juan Carlos Parodi wa Buenos Aires na wenzake Julio Palmaz na Héctor Barone. Walisimulia habari za wagonjwa 5 waliowekewa mrija wa namna hiyo ndani ya aota ya tumboni, kupitia mshipa wa pajani. Hii ikasomwa dunia nzima. Vitabu vingi vya tiba huanzia hesabu hapo, na mwaka 1990, ambao Parodi alimtibu mgonjwa wake wa kwanza, hutajwa kama mwaka wa kuzaliwa kwa tiba hii.

Nimeifuata njia hii kwa kurudi nyuma, makala moja ikinielekeza kwa iliyoitangulia, na kila nilipodhani nimefika mwanzo nilikuta mwingine amekwisha kupita. Parodi anastahili heshima yake yote. Lakini masimulizi yanayoanzia mwaka 1990 yanawaacha nje watu wengi mno: Volodos, aliyetangulia kwa miaka 5, madaktari wa eksirei waliothubutu kupitisha waya ndani ya mtu aliye hai, na wagonjwa wa karne moja na zaidi waliolala mezani bila matumaini makubwa. Nataka warudishwe mahali pao.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Aota ndiyo mshipa mkuu wa damu. Hutoka moyoni, hupinda, hushuka kifuani ukiegemea uti wa mgongo, hupita nyuma ya utumbo, na karibu na usawa wa kitovu hugawanyika mara mbili kuelekea miguuni. Tumboni, kwa mtu mzima, upana wake ni kama sentimita 2. Ukuta wake ukidhoofika, kwa umri, kwa sigara, kwa shinikizo la damu au kwa maumbile ya ukoo, msukumo wa damu huusukuma nje kidogo kidogo mpaka unavimba. Upana ukifika sentimita 3 huhesabiwa kuwa ni uvimbe wa aota. Wanaume huupata zaidi kuliko wanawake, na mvutaji sigara mkongwe zaidi ya wote. Mara nyingi hauumi wala hautoi dalili. Ukipasuka, damu humwagikia ndani ya tumbo, na wengi hufa kabla ya kufikishwa hospitali.

Fundi baiskeli yeyote anaijua hali hii. Tairi likichanika ubavuni, mpira wa ndani hutokeza kama kibofu, na fundi asiye na tairi jipya huchukua kipande cha tairi kuukuu, akakilaza kwa ndani ili upepo usukume kipande hicho na si ule mpasuko. Wazo la Volodos na la Parodi ndilo hilo hilo: uvimbe uachwe ulipo, damu ipitishwe ndani ya mrija mpya, na ule ukuta uliochoka upumzishwe. Wazo ni jepesi. Kulifikia kulichukua karne.

Tarehe 25 Juni 1817, katika hospitali ya Guy's jijini London, Astley Cooper alimfanyia upasuaji mchukuzi mmoja wa miaka 38 ambaye uvimbe wa mshipa wake, chini ya tumbo, ulikuwa umeanza kuvuja damu. Nusukaputi ilikuwa bado haijagunduliwa. Cooper alichana tumbo, akapenyeza kidole hadi kwenye uti wa mgongo, akaipapasa aota ikidunda, akaizungushia uzi na kuifunga. Mgonjwa aliishi saa 40. Ilikuwa mara ya kwanza kwa binadamu kuifunga aota ya binadamu mwenzake. Vitabu humsifu Cooper kwa ujasiri, nami simnyimi sifa hiyo, lakini ujasiri mkubwa zaidi siku ile ulikuwa wa yule mchukuzi.

Kwa zaidi ya miaka 100 iliyofuata, kufunga ndiko kulikokuwa tiba, na kufunga kulikuwa sawa na kifo. Wengine walijaribu kujaza waya ndani ya uvimbe ili damu igande. Charles Moore alifanya hivyo London mwaka 1864. Aliyepiga hatua ya kweli ni Rudolph Matas wa New Orleans. Mwaka 1888 alimpokea kijana aliyejeruhiwa kwa risasi mkononi na kupata uvimbe wa mshipa. Matas aliufunga mshipa huo kama ilivyokuwa desturi, lakini uvimbe ukaendelea kudunda. Ndipo akaupasua, akachungulia ndani, akaona matundu ambayo damu ilikuwa ikiingilia, akayashona yote kutoka ndani ya uvimbe wenyewe. Mkono ukapona. Nadhani hapa ndipo ilipopandwa mbegu ya yote yaliyofuata: daktari aliacha kuuhesabu uvimbe kuwa kitu cha kukatwa au kunyongwa kwa nje, akautazama kwa ndani. Matas huyo huyo, mwaka 1923, aliifunga aota ya mgonjwa ambaye hakufa. Aliishi zaidi ya mwaka mmoja, kisha akafa kwa kifua kikuu.

Kushona mishipa nako kulikuwa na historia yake. Mwezi Juni 1894 rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alichomwa kisu mjini Lyon, na kisu kikakata mshipa mkubwa wa damu unaoingia kwenye ini. Madaktari hawakuwa na namna ya kuushona, rais akafa. Alexis Carrel, kijana aliyekuwa akisomea udaktari mjini humo, hakukubali kwamba hilo haliwezekani. Alijifunza kutumia sindano nyembamba na nyuzi laini kwa mwanamke mfumaji wa tarizi, na mwaka 1902 akachapisha njia yake ya kuunganisha mishipa kwa kuishika penye nukta 3. Mwaka 1912 alipewa Tuzo ya Nobel. Mawazo yake ya baadaye kuhusu nani anafaa kuishi na nani hafai yalikuwa mabaya, na hayapaswi kufichwa nyuma ya tuzo hiyo. Mshono wake, hata hivyo, ungali unatumika.

Mgonjwa mashuhuri kuliko wote katika njia hii alikuwa Albert Einstein. Desemba 1948, Brooklyn, Rudolf Nissen alimfungua tumbo na kukuta aota imevimba. Nissen alikuwa daktari Mjerumani mwenye asili ya Kiyahudi. Wanazi walipoingia madarakani alikimbilia Istanbul, kisha Marekani. Mishipa ya bandia haikuwapo bado. Alichoweza kufanya ni kuuzungushia uvimbe karatasi ya selofani, akitumaini kwamba mwili ungejenga kovu gumu lenye kuushikilia ukuta. Einstein aliishi zaidi ya miaka 6 baada ya hapo. Aprili 1955 uvimbe ukaanza kuvuja. Upasuaji mpya ulikuwa umekwisha kupatikana na madaktari walimweleza, akakataa. Alisema hataki maisha yarefushwe kwa nguvu. Alifariki tarehe 18 Aprili, akiwa na miaka 76, katika hospitali ya Princeton.

Upasuaji huo mpya ulikuwa umeanzia Paris. Mwezi Novemba 1950 Jacques Oudot, aliyekuwa karibuni tu daktari wa wapanda mlima wa Annapurna, akiwakata vidole vilivyokufa kwa baridi, alibadilisha aota iliyokuwa imeziba. Miezi michache baadaye, tarehe 29 Machi 1951, Charles Dubost alimkata mwanaume mmoja uvimbe wote wa aota ya tumboni na kuunga mahali pake kipande cha aota ya marehemu, msichana wa miaka 20. Iliwezekana! Lakini marehemu wenye aota nzima hawapatikani kila siku, na vipande hivyo vilioza kadiri miaka ilivyopita.

Jawabu likatoka kwenye kitambaa. New York, Arthur Voorhees alikuwa amegundua kwamba uzi wa hariri uliosahauliwa ndani ya moyo wa mbwa hufunikwa kwa utando laini unaong'aa. Akajiuliza kama kitambaa nacho kitafunikwa hivyo. Alishona mrija kwa kitambaa cha leso, kisha kwa kitambaa cha miamvuli ambayo askari hurukia kutoka ndegeni, na kufikia mwaka 1952 akawekea watu. Huko Houston, Michael DeBakey, mtoto wa wahamiaji kutoka Lebanon aliyefundishwa kushona na mama yake, aliingia dukani kutafuta nailoni, akakuta imekwisha, akanunua dakroni, akaishona mrija kwa cherehani nyumbani kwake. Dakroni ikawa kitambaa cha aota dunia nzima. Mwaka 2006 DeBakey mwenyewe, akiwa na miaka 97, alipasuliwa kifua na kuwekewa mrija wa dakroni baada ya aota yake kuchanika. Aliishi miaka 2 zaidi.

Upasuaji huu wa wazi uliokoa maisha ya watu wengi mno, na bado unaokoa. Lakini ni kazi nzito. Tumbo huchanwa kutoka chini ya kifua hadi karibu na kinena, utumbo husogezwa kando, aota hubanwa kwa koleo, na damu ya miguuni husimama kwa muda. Koleo likifunguliwa, moyo hupokea mshtuko. Mzee mwenye moyo dhaifu au mapafu yaliyoharibiwa na sigara, na hao ndio hasa wanaopata ugonjwa huu, anaweza asiuhimili. Kwa watu wa namna hiyo jibu la daktari lilikuwa moja: tusubiri. Na kusubiri kulijulikana mwisho wake.

Hapa njia inageukia kwa watu ambao wapasuaji wengi hawakuwahesabu kuwa wenzao, yaani madaktari wa eksirei, na kwa waliowafungulia njia. Mwaka 1929, Eberswalde, Ujerumani, kijana Werner Forssmann alijipenyeza mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe hadi moyoni, kisha akatembea hadi chumba cha eksirei kupigwa picha ya ushahidi. Mwaka huo huo, Lisbon, Reynaldo dos Santos alichoma sindano ndefu mgongoni na kuingiza dawa ndani ya aota ili ionekane kwenye picha. Mwaka 1953 Sven-Ivar Seldinger wa Stockholm aliandika njia yenye hatua chache mno: choma sindano, pitisha waya, toa sindano, telezesha katheta, yaani mrija mwembamba, juu ya waya. Mpaka leo, mara nyingi katheta inapoingizwa kwenye mshipa, ni njia ya Seldinger inayofuatwa.

Kisha Charles Dotter, Portland, Oregon. Januari 1964 aliletewa mama wa miaka 82 ambaye mguu wake ulikuwa umeanza kuoza kwa kukosa damu. Wapasuaji walitaka kuukata. Mama akakataa katakata. Dotter alipitisha waya penye mshipa uliobana, akafuatisha katheta nene zaidi na zaidi, akautanua. Mguu ukapata joto, na yule mama akautembelea mpaka mwisho wa maisha yake. Katika historia hii yote ni vizuri kukumbuka kwamba mlango ulifunguliwa pia na bibi mmoja aliyesema hapana. Mwaka 1969 Dotter alieleza majaribio ya kuweka koili za waya ndani ya mishipa ya mbwa ili isijifunge tena. Vipande vyote vikawa vimepatikana: mrija wa kitambaa, waya wa kuongozea, na chuma cha kushikilia. Vilikuwa vimelala kwenye idara tofauti za hospitali zile zile.

Aliyeviunganisha wa kwanza ni Volodos. Kharkiv ni mji wa viwanda na wahandisi, na mpasuaji huyu alipotaka chuma chembamba chenye nguvu ya springi alikuwa na wa kumwendea. Kiunzi chake kilikuwa waya uliokunjwa kwa mtindo wa zigizaga, duara zima la pembe zinazobanwa na kujitanua zenyewe zikiachiliwa. Kiunzi hicho kilishonewa kwenye mrija wa kitambaa na kusukumwa ndani ya katheta. Tarehe 4 Mei 1985 aliuweka kwa mara ya kwanza ndani ya mshipa wa nyonga wa mgonjwa. Tarehe 24 Machi 1987 akafanya kubwa zaidi: aliupitisha mrija wake kutoka pajani hadi kwenye aota ya kifuani ya mtu aliyekuwa na uvimbe uliotokana na ajali, bila kumfungua kifua. Taarifa yake ilitoka mwaka 1988 katika jarida la upasuaji wa kifua la Moscow, kwa Kirusi tena.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini habari hii haikuvuka. Vita Baridi ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni lugha. Daktari wa Boston au London hakusoma Kirusi wala hakuona haja. Ugunduzi ambao haukuandikwa kwa lugha ya wenye majarida makubwa huhesabiwa kana kwamba haukutokea. Sisi tunaosoma sayansi kwa Kiswahili tunaielewa hali hiyo bila kufafanuliwa. Volodos aliandika kwa Kiingereza mwaka 1991, wakati Parodi naye alipokuwa akichapisha yake, na mwaka 2013 akasimulia tena jinsi yote yalivyoanza. Alifariki mwaka 2016, akiwa amekwisha kuanza kutajwa mahali panapomstahili. Naona kutajwa huko kulichelewa sana.

Parodi kwa upande wake hakuiba chochote kwa mtu. Alilifikia wazo lile kwa miguu yake. Katika miaka ya 1970 alikuwa akijifunza upasuaji katika Cleveland Clinic, Marekani, na huko aliona wazee wakifa au kuteseka baada ya upasuaji wa wazi. Alianza kuchora mrija utakaoingizwa kutoka pajani, akautengeneza, akaujaribu kwa mbwa, ukashindikana, akarudi kwao Argentina na kuendelea kujaribu. Kilichomkosesha usingizi kilikuwa namna ya kuushikiza mrija kwenye ukuta wa mshipa.

Jibu alikuwa nalo Muajentina mwenzake. Julio Palmaz, mzaliwa wa La Plata, aliyekuwa akifanya kazi Texas, alikuwa amemsikiliza Andreas Grüntzig akieleza jinsi anavyotanua mishipa kwa puto, akawaza kwamba lazima kitu fulani kibaki ndani baada ya puto kutolewa. Alikata matundu marefu katika mrija wa chuma cha pua ili puto likijazwa, chuma kitanuke na kubaki kimetanuka. Hiyo ndiyo stenti ya Palmaz. Parodi alipokutana nayo aliona kwamba ndiyo aliyokuwa akiitafuta, ila kubwa zaidi. Barone, mhandisi, akasaidia kuitengeneza ya ukubwa wa aota.

Septemba 1990, Buenos Aires, timu hiyo ilichana sehemu ndogo tu pajani mwa mgonjwa, ikafungua mshipa, ikapitisha waya mpaka juu ya uvimbe wa aota, ikasukuma mrija wa dakroni wenye stenti, ikajaza puto chini ya mishipa ya figo. Hapo juu mrija ukashika. Mwanzoni Parodi aliamini kwamba stenti ya juu peke yake ingetosha, na kwamba msukumo wa damu ungeukandamiza mwisho wa chini. Haikuwa hivyo, damu ilirudi nyuma na kuingia kwenye uvimbe kutoka chini, ikabidi stenti ya pili iwekwe. Katika wagonjwa 5 wa makala ya 1991 mtu anaweza kuona tayari matatizo yote ambayo wengine wangeyahangaikia kwa miaka 30. Naipenda makala hiyo kwa sababu waandishi wake hawakuyaficha.

Tarehe 23 Novemba 1992 Parodi alisafiri hadi New York, akashirikiana na Frank Veith, Michael Marin na wenzao katika hospitali ya Montefiore, na mgonjwa wa kwanza Marekani akatibiwa. Baada ya hapo kazi ilienda mbio. Mrija mnyoofu ulifaa watu wachache tu, maana kwa wengi uvimbe hufika mpaka penye njia panda ya aota, hivyo Timothy Chuter na wengine wakatengeneza mrija wenye miguu miwili kama suruali. Huko Perth, Australia, Michael Lawrence-Brown na David Hartley walisaidia kubuni mirija yenye matundu yanayolingana na midomo ya mishipa ya figo, ili hata uvimbe ulio juu zaidi uweze kufikiwa. Viunzi vingi vya leo ni vya zigizaga vinavyojitanua vyenyewe, kwa umbo vikiwa karibu na kile cha Kharkiv kuliko ile stenti ya puto ya Buenos Aires.

Kisha ikaja biashara. Mwezi Septemba 1999 mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani, FDA, iliruhusu mirija miwili kwa siku moja, AneuRx na Ancure. Kifaa cha Ancure kilikuwa na kasoro: mpini wa kukiingizia uliweza kukwama ndani ya mgonjwa. Kampuni iliyokitengeneza, tawi la Guidant, haikutoa taarifa kama sheria inavyodai. Wafanyakazi waliandika barua bila kutaja majina yao. Mwaka 2003 kampuni ilikiri mahakamani makosa 10 ya jinai, ikakubali kwamba visa 2,628 havikuripotiwa ipasavyo, miongoni mwake vifo 12, na ikalipa dola milioni 92.4. Kisa hiki hakisimuliwi sana kwenye hotuba za kuadhimisha tiba hii. Kinastahili kusimuliwa, kwa sababu waliokufa nao walikuwa kwenye njia hii.

Je, tiba yenyewe inafaa? Swali hili Waingereza walilijibu kwa subira. Kuanzia mwaka 1999 waligawa kwa bahati nasibu zaidi ya wagonjwa 1,200 wenye nguvu ya kuhimili upasuaji: wengine wakapasuliwa, wengine wakawekewa mrija kupitia pajani. Matokeo ya kwanza, mwaka 2004, yalishangiliwa. Katika siku 30 za mwanzo walikufa asilimia 1.7 ya waliowekewa mrija, na asilimia 4.7 ya waliopasuliwa. Uholanzi nao walipata picha inayofanana.

Lakini watafiti hawakuacha kuhesabu, na hapo ndipo ninapowaheshimu zaidi. Baada ya miaka michache faida ile ilitoweka. Matokeo ya miaka 15, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba kwa muda mrefu waliowekewa mrija walikufa zaidi, baadhi yao kwa uvimbe uliopasuka ingawa ulikuwa umezibwa. Mrija unaweza kuteleza. Shingo ya aota inaweza kuendelea kutanuka na kuuacha mrija ukilegea. Vimishipa vidogo vya mgongoni vinaweza kuendelea kuingiza damu kwa nyuma, na uvimbe ukakua kimyakimya. Ndiyo maana anayewekewa mrija huu hupaswa kurudi kupimwa maisha yake yote, kwa kipimo cha CT au kwa ultrasound. Kwa mtu anayeishi mbali na hospitali kubwa, au asiyekuwa na bima, sharti hilo la kurudi linaweza kuwa gumu kuliko upasuaji wenyewe, na daktari anapaswa kulisema kabla ya kuingiza waya.

Shirika la Uingereza linaloweka miongozo ya tiba, NICE, lilipendekeza mwaka 2018 kwamba mtu anayeweza kuhimili upasuaji wa wazi asiwekewe mrija kabisa. Wapasuaji wengi walikasirika. Mwongozo wa mwisho, wa Machi 2020, ulilegeza kauli: upasuaji wa wazi utangulie kwa mwenye nguvu, na mrija uwe kwa ambaye tumbo lake au afya yake haviruhusu. Kwa uvimbe uliokwisha kupasuka, mrija umeonekana kuwafaa zaidi wanawake wa umri wowote na wanaume waliopita miaka 70. Nakubaliana na mwongozo huu. Mwenye miaka 60 na moyo mzima ana miaka mingi mbele yake ya kuishi na mrija unaoweza kuteleza. Mwenye miaka 80 na mapafu mabovu anahitaji kuuona mwezi ujao.

Jambo lililookoa watu wengi kwa gharama ndogo halikuhusu kisu wala mrija. Ni ultrasound, mashine ile ile ambayo mama mjamzito hupimiwa nayo mtoto. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2002, wa wanaume 67,800 wenye umri wa miaka 65 hadi 74, ulionyesha kwamba walioalikwa kupimwa tumbo walikufa kwa ugonjwa huu pungufu kwa asilimia 42 kuliko wale ambao hawakualikwa. Sasa kila mwanaume Mwingereza hualikwa anapofika miaka 65. Kipimo huchukua dakika chache. Uvimbe mdogo hufuatiliwa tu. Kwa wanaume hatua ya kutibu huanza kufikiriwa ukifika sentimita 5.5, na kabla ya hapo dawa iliyo bora ni kuacha sigara na kudhibiti shinikizo la damu.

Kwetu mwaliko wa namna hiyo haujawa desturi. Lakini mzee wa miaka 65 na kuendelea ambaye amevuta sigara, au ambaye baba au kaka yake alikufa ghafla kwa kupasuka mshipa tumboni, akienda kupigwa ultrasound ya tumbo kwa sababu nyingine yoyote, anaweza kumwomba mpimaji aitazame na aota, ampimie upana wake, na kumwandikia sentimita kwenye cheti.